Uso Chini ya Kofia ya Nahodha

Apiyo alimwona mumewe kwenye kioo cha saluni, akining'inia kifuani mwa mteja.

Alikuwa amesimama nyuma ya Ciru, msichana anayeuza chapati karibu na stendi ya Kawangware, akimsuka rasta nyembamba, zile zinazokula siku nzima. Msusi hamtazami mteja usoni. Humtazama utosini, na akitaka kujua kama amevuta nywele kupita kiasi, huinua macho kwenye kioo aone kama mteja amekunja uso. Ndivyo Apiyo alivyoinua macho. Chini ya kidevu cha Ciru, kwenye uzi mweusi, palikuwa na sarafu ya shaba, pana kuliko sarafu yoyote ya dukani, na juu yake uso wa mwanamume aliyevaa kofia ya ukingo mpana. Ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa na pengo, kama kipande cha mkate alichokimega mtoto.

Kitana kilimponyoka, kikaanguka chini.

"Mama Austine! Umening'oa nywele ama ni nini?"

"Hapana, Ciru. Mkono umeteleza tu. Hiyo kitu umevaa umetoa wapi?"

"Hii? Si ni ya Nahodha! Ng'ang'a anauza hapo nje. Mtaa mzima wanazo, ni wewe tu umebaki. Na vile nyinyi watu wa kwao ndio mnalia kwa sauti!"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi walicheka. Apiyo naye alicheka, kwa sababu saluni ni mahali pa kucheka, akaokota kitana. Nahodha alikuwa amefariki wiki hiyo. Ndilo jina walilompa wafuasi wake yule mwanasiasa aliyekuwa amezunguka nchi nzima kwa miaka na miaka akidai haki za wanyonge, akishinda huku, akishindwa kule, na hakuwahi kuonekana hadharani bila kofia yake. Redio zilikuwa zikipiga nyimbo za huzuni tangu asubuhi hadi jioni. Vijana walikuwa wamefunga matawi kwenye pikipiki. Na sasa palikuwa na sarafu ya ukumbusho.

"Nionyeshe," Apiyo alisema.

Ciru aliivua akampa. Apiyo aliiweka kiganjani na kuigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kofia ilikuwa ya Nahodha, hapana ubishi. Lakini pengo la sikio sasa lilikuwa upande wa kulia. Aliinyanyua tena mbele ya kioo, nalo pengo likarudi kushoto, mahali pake. Kiganjani palikuwa na mtu asiyemjua vizuri. Kiooni alikuwapo Obiero, mumewe, aliyetoka nyumbani mwaka ule wa uchaguzi na ambaye hakuna aliyemtia machoni tangu hapo.

Alimrudishia Ciru sarafu yake, akaendelea kusuka. Vidole vyake vilikuwa baridi, na Ciru alimwambia hivyo.

*

Apiyo alikuja Nairobi akiwa bibi harusi, kutoka kijijini Seme, na nyumba yake ya kwanza ilikuwa Gatwekera, ndani ya Kibera, chumba cha udongo na mabati ambacho mvua ilikipiga kama ngoma. Nyuma ya chumba hicho palikuwa na kibanda cha kazi. Humo mumewe na rafiki yake Shivachi walikuwa wakiyeyusha mifereji mikuukuu ya mabomba na kufuli zilizovunjika, na kuzigeuza kuwa bangili, herufi za shingoni na vipuli vya masikio. Shivachi, Mluhya wa Kakamega mwenye sauti nzito, alikuwa mtu wa moto. Alijua kwa rangi ya moshi kama shaba imeiva. Obiero alikuwa mtu wa mkono. Alichonga vielelezo kwa mifupa ya ng'ombe, na kila kielelezo kilikandamizwa kwenye mchanga laini wenye unyevu, kikatolewa taratibu, na mahali kilipolala pakamiminwa shaba iliyoyeyuka. Kilichotoka mchangani kilikuwa kibaya, cheusi, chenye kingo kali. Hapo ndipo Apiyo alipoingia. Yeye ndiye aliyesugua. Alianza na tupa, akafuata msasa, akamaliza kwa kitambaa na majivu, mpaka kitu kikamwonyesha meno yake mwenyewe.

Walikuwa na maisha ya kawaida, na Apiyo hupenda kusema hivyo, kana kwamba neno "kawaida" ni jina la mji aliowahi kukaa. Walikunywa chai ya rangi. Walibishana. Mtoto wao Austine alijifunza kutembea kati ya mafungu ya kufuli.

Mwaka ule wa uchaguzi, vijana wa Nahodha walikuja kibandani wakitaka sarafu ya kuvaa kwenye mkutano wake. Walileta bango lenye picha, lakini bango lilikuwa limenyeshewa, na uso wa Nahodha ulikuwa umemomonyoka, imebaki kofia tu. Obiero hakutaka kupoteza kazi. Alichukua kioo cha pembeni cha pikipiki, kilichokuwa kimetupwa pamoja na vyuma vingine, akampa mkewe akishike mbele yake, akaanza kuchonga mfupa.

"Shika vizuri, mama. Ukitetemeka, Nahodha atapata pua mbili."

"Lakini huyu ni wewe!" Apiyo alicheka mpaka kioo kikayumba. "Hata sikio lako la kuumwa na bata umeweka!"

"Nani ataangalia sikio? Watu wanaangalia kofia."

Kweli, alipomaliza na kuongeza ile kofia, hakuna aliyesema neno. Vijana waliishika sarafu ya kwanza, wakaibusu, wakaimba. Obiero alikuwa amejikata kidole gumba wakati wa kuchonga, na damu ikaingia kwenye ufa mwembamba chini ya ukingo wa kofia. Aliusugua mfupa kwa sabuni, akausugua kwa majivu. Ule mstari wa kahawia ulikataa kutoka.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, alitoka kwenda kuungana na wenzake waliokuwa wakiandamana barabarani, sarafu ikiwa kifuani, na akasema atarudi kabla chakula hakijapoa. Siku hiyo kulikuwa na moshi na mbio kutoka Ayany mpaka Nyayo Highrise. Watu wengi walirudi wakichechemea. Obiero hakurudi. Shivachi aliandamana na Apiyo hospitali hadi hospitali, seli hadi seli, mochari hadi mochari, na mara nyingi Shivachi ndiye aliyeingia kutazama, Apiyo akabaki nje akimsoma usoni anapotoka. Kila mara Shivachi alitikisa kichwa. Ulifika wakati Apiyo hakujua kama kile kichwa kinachotikiswa kinampa matumaini au kinamwibia.

Kwao Seme walisubiri kwa heshima, kisha wakanena. Mtu wa kwao akipotea na mwili usionekane, humzika kwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloitwa yago, likilazwa kaburini badala yake ili roho yake ipate pa kutulia. Shemeji yake, mdogo wa Obiero, alimpigia simu mara nyingi. Apiyo alikataa kila mara.

"Tukishamzika na tunda, halafu arudi, ataingia wapi?" aliuliza. "Mtu aliyezikwa haruhusiwi kuingia mlangoni kwake. Nyinyi mnataka nimfungie."

Alihama Gatwekera kwa sababu ya tupa. Shivachi alikuwa akifanya kazi peke yake, lakini Apiyo, akiwa chumbani, alisikia tupa mbili. Moja ilikuwa ya Shivachi, ndefu na ya uvivu. Nyingine ilikuwa fupifupi, ya mtu anayechonga kitu kidogo kwa makini. Akitoka nje, tupa ya pili inanyamaza. Basi akaenda Kawangware, akajifunza ususi, akapanga chumba chenye mlango wa mbao, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kuutia komeo. Majirani walimwonya kuhusu wezi. Alisema hana cha kuibiwa. Hakuwaambia kwamba kila jioni alikuwa akiacha nafasi ya mkono mmoja kuusukuma.

*

Mwanawe Austine sasa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mrefu mwenye mabega ya baba yake, na alikuwa na mke, Adhis, aliyekuwa mjamzito. Alitaka kujenga boma lake Seme kabla mtoto hajazaliwa. Wazee walikuwa wamemwambia wazi: hawezi kujenga akiwa na baba ambaye hajulikani kama yuko juu ya ardhi au chini yake.

Walikuwa wamegombana mama na mwana kuhusu jambo hilo mwezi uliotangulia.

"Mathe, mimi nimekaa katikati," Austine alikuwa amemwambia. "Mimi si yatima, si mtoto wa mtu. Wengine wakiulizwa baba yako wapi, wanasema ofisini, wanasema kaburini. Mimi nasema nini?"

"Sema hajarudi."

"Na mtoto wangu naye nimfundishe kusema hajarudi?"

Jioni hii, baada ya kumaliza nywele za Ciru, maneno hayo yalikuwa yamemkalia kifuani. Alifunga saluni mapema, akasimama mbele ya meza ya Ng'ang'a, mwuza vifuniko vya simu, ambaye sasa alikuwa amevisukuma pembeni na kutandika sarafu juu ya kitambaa cheusi. Zilikuwa nyingi mno. Obiero alimtazama kutoka kila mahali kwenye kitambaa kile, na mwanga wa taa ulipocheza ilikuwa kana kwamba wote wanapepesa macho kwa pamoja.

"Chukua moja, Mama Austine. Wewe nakupa ya bure, msiba ni wako."

"Nani anakutengenezea?"

"Kuna mzee mmoja Gatwekera, mtu wa shaba. Mbona umekuwa hivyo? Keti, nikupe maji."

Hakuketi. Mama mmoja mzee alikuja mezani wakati huohuo, akachukua sarafu, akaibusu kwenye uso, palepale kwenye mdomo, akalia kwa sauti. "Umetuacha, Nahodha! Umetuacha na nani?" Watu walimzunguka na kumpa pole. Apiyo alisimama akiutazama ule mdomo uliobusiwa. Alitaka kumvuta yule mama kwa kitambaa chake na kumwuliza anambusu mume wa nani.

*

Kesho yake, Jumapili, alikwenda Gatwekera kwa miguu. Alivuka Barabara ya Ngong, akakata kupitia Ayany, na njia nzima alikutana naye. Alikuwa kifuani mwa mlinzi aliyesinzia getini. Alikuwa kwenye shingo ya mwanakwaya aliyevaa joho la buluu. Mtoto mmoja alikuwa amemtia mdomoni na kumnyonya kama peremende. Kwa miaka yote hiyo Apiyo alikuwa akizitafuta nyuso za watu barabarani, akitumaini mmoja wao angegeuka na kuwa wa mumewe. Sasa ule uso ulikuwa kila mahali, na kila aliyeuvaa alikuwa akimlilia mtu mwingine.

Shivachi alimwona kutoka mbali, akaacha moto wake. Alikuwa amezeeka upande mmoja, ule unaokaa karibu na joto.

"Shem! Leo jua limetokea wapi? Karibu, karibu. Keti hapo, usiguse hiyo, bado ni moto."

"Shivachi, sitaketi. Nionyeshe mfupa."

"Mfupa gani?"

"Ule unaotengenezea Nahodha."

Alifungua kopo la maziwa ya unga, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Kielelezo kilikuwa kimegeuka rangi ya chai, laini kwa kushikwa. Chini ya ukingo wa kofia, mstari wa kahawia ulikuwa palepale.

"Bahati nzuri sikuwa nimekitupa," Shivachi alisema. "Ng'ang'a alipokuja kuniuliza kama naweza kutengeneza sarafu ya ukumbusho, nikakumbuka kazi ya mwenda... ya Obiero. Mimi sijui kuchonga, unajua. Nikasema basi, ndugu yangu bado ananisaidia."

"Umekiangalia?"

"Kila siku."

"Unaona nani?"

"Shem, si Nahodha?"

Apiyo alichukua sarafu moja kutoka kwenye ndoo, bado nyeusi, haijasuguliwa. Aliweka kidole gumba juu ya kofia, akaifunika yote, akamwinulia Shivachi usoni.

Shivachi alitazama. Kwanza alitazama kama fundi anayetafuta kasoro. Kisha mdomo wake ukafunguka. Aliketi juu ya ndoo ya mchanga ambayo haikaliwi na mtu yeyote, kwa kuwa mchanga ukigandamizwa huharibika, naye ndiye aliyekuwa akiwagombeza wengine kwa kosa hilo.

"Nimemmimina kwa mikono hii," alisema. "Wiki nzima. Shem, nimemtia motoni wiki nzima na sikumjua."

"Hukukosea. Yeye mwenyewe alisema watu wanaangalia kofia."

"Nisimamishe? Sema tu, nitasimamisha sasa hivi."

Alikuwa akimaanisha kweli. Apiyo alimwona akiutazama moto kwa macho ya mtu aliye tayari kuumwagia maji. Lakini wote wawili walijua kazi hiyo.

"Ukisimamisha, Ng'ang'a atafanya nini?"

Shivachi alishusha pumzi. "Atampelekea mtu mwingine sarafu moja. Huyo ataitia kwenye mchanga kama kielelezo, ataendelea. Tofauti ni kwamba shaba ikipoa husinyaa. Sarafu iliyotolewa kwa sarafu inakuwa ndogo kidogo, na uso unafifia. Ukiitoa nyingine kwa hiyo, pua inaanza kupotea. Ukiendelea hivyo, kitabaki kitu cha duara tu."

Nje, watu walikuwa wakipita wakiimba nyimbo za maombolezo. Apiyo aliushika mfupa. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Kisha, kutoka nyuma ya kibanda, akaisikia ile tupa, fupifupi, ya makini. Alimtazama Shivachi. Mikono ya Shivachi ilikuwa magotini, mitupu.

"Unasikia?" alimwuliza.

"Nasikia nini?"

Apiyo alisikiliza mpaka tupa iliponyamaza, na kwa mara ya kwanza haikumtia hofu. Ilimtia huruma. Alimwaza mtu aliyefanya kazi yake yote bila kuonekana uso, aliyekwenda kumpigania mwenye kofia, na sasa nchi nzima inamwagia machozi usoni pake, kwa jina lisilo lake. Nahodha angezikwa kwa mizinga na bendera, na mamilioni wangejua kaburi lake liko wapi. Yule waliyembusu alikuwa hana hata fungu la udongo. Na aliyemnyima fungu hilo, pamoja na wote waliomkimbiza siku ile ya moshi, alikuwa ni yeye, mkewe, na mlango wake usio na komeo.

"Nipe huu mfupa, Shivachi."

"Uende nao wapi?"

"Nikauzike. Kwa jina lake."

Mfupa huo ndio uliokuwa ukimlisha Shivachi wiki hiyo, lakini pia ndio kitu cha mwisho cha rafiki yake kilichobaki kibandani, na Apiyo aliona ni hilo la pili lililomuuma. Shivachi alinyoosha mkono, akaugusa mstari wa kahawia kwa kucha.

"Hii ilikataa kutoka," alisema. "Nakumbuka vile alilaani."

"Ndiyo sababu. Hii ni yake. Tunda si lake. Hii ni yake."

Shivachi aliuchukua mfupa, akaufunga ndani ya kitambaa, akakaza fundo, akauweka mikononi mwa Apiyo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala.

*

Austine alikuwa amevaa sarafu yake mwenyewe jioni hiyo, aliyoinunua kwa Ng'ang'a. Apiyo alimweleza kila kitu akiwa ameketi kitandani, Adhis akisikiliza kutoka mlangoni na mkono tumboni. Alipofika kwenye kioo cha pikipiki, Austine aliishika sarafu kifuani. Hakungoja kuonyeshwa. Aliweka kidole chake juu ya kofia, akakaa akitazama kwa muda mrefu, na Apiyo akaona pua ile ile ikiitazama pua ile ile.

"Kumbe ni mimi," Austine alisema kwa sauti ndogo.

Walimpigia shemeji yake Seme, simu ikiwa imewekwa spika.

"Mfupa?" shemeji aliuliza. "Mfupa wa nini?"

"Wa ng'ombe."

"Apiyo! Umekataa yago miaka yote hii, leo unataka nimzike ndugu yangu na ng'ombe?"

Adhis aliziba mdomo asicheke. Hata Apiyo alihisi kicheko kikimpanda, kikakutana na kilio njiani.

"Mfupa una uso wake alioutengeneza kwa mkono wake," alisema. "Na una damu yake, shemeji. Imeingia ndani. Haikutoka."

Kwenye simu walisikia kuku wa Seme, na mtu akiita mbuzi.

"Damu yake?"

"Damu yake."

"Basi mlete," shemeji alisema, na hakusema "ulete." "Mlete nyumbani. Wazee nitawaambia mimi. Yago pia tutaiweka, mfupa na tunda vilale pamoja kama mkubwa na mdogo wake, asije mtu akasema tumekosea."

Walimzika asubuhi yenye manyunyu, mfupa ukiwa umelazwa juu ya tunda, ndani ya shuka. Shivachi alisafiri nao. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kuupanga uso utazame juu, na alipopanda alikuwa na udongo magotini, akakataa kupanguswa. Mwimbishaji alimwita Obiero kwa majina yake yote, jina la baba yake na la babu yake. Apiyo alisikiliza kama mtu anayehesabiwa kitu chake. Hakuna aliyemtaja Nahodha.

*

Maombolezo ya taifa yaliisha, lakini sarafu ziliendelea kuuzwa. Ng'ang'a alimpata fundi mwingine, kama Shivachi alivyosema. Apiyo alikuwa akiziona vifuani mwa wateja, zikiwa ndogo mwezi baada ya mwezi. Kwanza lilipotea pengo la sikio. Kisha macho yakawa nukta. Alijikuta akizitafuta kwenye kioo kila mteja mpya alipoketi.

Siku moja Ciru alikuja kufumua rasta zake. Ile sarafu ya kwanza alikuwa ameipoteza, alisema, akanunua nyingine. Apiyo aliinua macho. Kiooni, chini ya kidevu cha Ciru, palikuwa na kofia ya ukingo mpana, na chini ya kofia palikuwa patupu, pamesawazishwa kama mchanga uliopigwa na mvua.

"Unaangalia nini, Mama Austine?"

"Hakuna mtu," Apiyo alisema.

"Nani?"

"Inama kidogo, nianze nyuma."

Alipofika nyumbani jioni hiyo, Austine na Adhis walikuwa wametoka kumtembeza mtoto wao mchanga. Alipika. Alikaa. Aliutazama mlango. Tangu warudi kutoka Seme alikuwa amenunua komeo, na Austine alikuwa amelipigilia vizuri, lakini kila jioni mkono wake ulilifikia ukarudi. Aliinuka sasa, akalisukuma. Lilitoa mlio mfupi wa chuma kwenye chuma, na chumba kikawa kidogo.

Alikuwa bado amesimama hapo mkono ulipousukuma mlango kutoka nje. Uliusukuma bila kusita, kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kuukuta umefungwa. Mlango ulitikisika, ukakataa. Kisha ukasukumwa tena, taratibu zaidi, kama mtu anayeshangaa.

Apiyo aliweka kiganja juu ya mbao. Upande wa pili alisikia mwanamume akihema, na pumzi hizo alizijua tangu Gatwekera.

"Ni nani?" aliuliza. Hakuwa amewahi kuuliza hivyo kwenye mlango huo.

Alingoja.

"Ni nani?"

"Mathe, ni mimi," sauti ya Austine ilisema, na mtoto akalia nyuma yake. "Mbona umefunga?"

Apiyo alitoa komeo.